Vumbi la Dhahabu Kwenye Simu ya Shangazi

Miaka ile ya dhahabu, Tarime ilikuwa kama mtu anayeota mchana. Jirani yetu wa Turwa, fundi wa magodoro, alifunga kibanda akaenda kuchimba. Kinyozi wangu naye akaenda. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba, ulisikia karasha za kusagia mawe zikinguruma mbali, na kwa kitambo hukujua kama ni karasha au ni moyo wako mwenyewe.

Mimi sikwenda. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza tovuti, nikabaki dirishani na laptopu. Ndipo kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo kikaniomba ramani ya mtandaoni ya maduara yao, yale mashimo wanayoshuka kutafuta mawe yenye dhahabu. Duara linalofanya kazi liwe la kijani, lililojaa maji liwe la bluu, na lililofungwa kwa sababu udongo umelegea liwe jekundu. Walio nyumbani waifungue kwenye simu, wajue ndugu zao wanaendeleaje.

Mwenyekiti wao, mzee mmoja mpole asiyevua kofia, alikuwa na ombi lake.

"Weka dhahabu inayoanguka," aliniambia. "Kama manyunyu. Mtu akifungua ajue ameingia kwetu."

Nikaiweka. Chembe za njano zilishuka polepole juu ya ramani, na kwenye laptopu yangu zilikwenda laini kama maziwa yanayomiminwa kwenye kibuyu. Nilizitazama hadi chai ikapoa.

Siku chache baadaye shangazi yangu alikuja kutoka Nyanungu na mkungu wa ndizi. Mtoto wake wa kiume alikuwa huko machimboni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mura," akaniitikia, kama wazee wa kwetu wanavyomwita kijana wa kiume. "Nionyeshe duara la ndugu yako."

Nikamfungulia ramani kwenye simu yake. Akaivuta kwa kidole. Haikwenda. Akavuta tena. Simu ikakaa kama inayosinzia, chembe za dhahabu zikaning'inia hewani, halafu ghafla ramani ikaruka, ikatua kwenye duara jekundu. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani, hakuweza kusoma jina lililoandikwa chini yake. Rangi aliiona.

"Ni lake," alisema taratibu. Akakaa chini palepale mlangoni.

Nilimweleza kwamba ramani imeruka, lile ni duara la watu wengine. Hakunisikia. Tulimpigia ndugu yangu, hakupatikana. Nikaita bodaboda, tukapanda wote wawili nyuma ya dereva, tukapita mashamba ya mahindi ya Nyamwaga. Vumbi jekundu lilitufunika. Niliona ng'ombe wakivuka barabara, wakivuka tu, kana kwamba hawana mwisho.

Tulimkuta amekaa kando ya duara lake, anakula ugali.

"Mama? Kuna nini nyumbani?"

Shangazi alimpiga kofi begani. Kisha akaanza kumpangusa udongo kwenye nywele, polepole, kama anavyopanguswa mtoto mchanga.

Kesho yake nilianza kuipima ramani ile. Picha inayotembea kwenye simu ni picha nyingi zilizosimama, moja ikifukuza nyingine. Zikifika sitini kwa sekunde, jicho linadanganyika na kuona mwendo mmoja. Simu ikilemewa, picha nyingine hazichorwi kabisa, na hapo ndipo kitu kinakwama na kuruka. Niliifanya tovuti ihesabu picha hizo kwenye kila simu na kunitumia hesabu yake.

Hesabu zikaja, nikazichora kuwa mistari. Nilishinda dirishani nikiiangalia ikipanda na kushuka kama vilima vya kwetu. Alfajiri ilikuwa juu. Jua likiwaka na simu zikipata joto, ilizama. Na dhahabu ilipoanza kuanguka, mistari ilizama zaidi, karibu kila mahali isipokuwa kwangu.

Nikampelekea mwenyekiti simu ya shangazi. "Vuta hadi duara lako, mzee."

Akavuta. Akangoja. Akavuta tena. Mwishowe akaniangalia. "Lakini inapendeza," alisema kwa huzuni.

"Inapendeza sana."

Aliitazama chembe moja iliyokwama juu ya kioo. "Itoe," akasema. "Mama wa mtu asingoje."

Niliitoa. Mstari ukanyanyuka, ukatulia, na shangazi akawa anaisukuma ramani kwa kidole kimoja huku mkono mwingine ukikoroga uji. Nilipomuuliza ikoje sasa, alinishangaa. Alikuwa ameshasahau kwamba kuna kitu kinachoweza kukwama.

Kisha habari za dhahabu nyingine zikaja kutoka mbali, na watu wakaanza kuhama, kama walivyokuja. Nilijua kabla ya kuambiwa. Hesabu kutoka kwenye simu zilipungua moja moja, leo simu hii kimya, kesho ile, kama taa za majirani zinavyozimwa. Ndugu yangu alirudi Nyanungu, akalima, akaoa. Mimi niliendelea kuufungua ukurasa ule wa mistari kila asubuhi, hadi asubuhi moja mstari ulikuwa umelala chini kabisa. Nikaufunga, nikatoka nje. Karasha hazikunguruma tena, na niliweza kusikia upepo kwenye migomba.