Jumatatu Niliyosema Narudi

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka hata siku ya harusi yangu, ingawa yaliyotokea siku hiyo sikuyaona kwa macho yangu. Nilikuwa mbali. Na kosa lenyewe ndilo hilo.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Masista wa misheni walikuwa wamenifundisha cherehani, nikapata kazi ya kushona mapazia na nguo kwenye shamba la pareto, huko juu ya Elburgon. Mwenye shamba alikuwa Mwingereza, mtu wa ng'ombe na minada, hashindi nyumbani. Mkewe aliitwa Rosario. Alitoka Uhispania, na kuanzia shambani hadi Nakuru mjini sijui kama kulikuwa na mtu mmoja wa kuongea naye lugha yake. Kiingereza alikijua kidogo. Kiswahili chake, Mungu anisamehe, kilikuwa cha kuchekesha: "Mimi taka pazia, wewe taka chai, yeye taka nini?"

Siku moja nikashindwa kujizuia, nikacheka. "Memsabu, si hivyo. Sema ninataka, unataka, anataka. Mtu anakaa mbele ya neno."

Hakukasirika. Alivuta kiti karibu na cherehani yangu. "Kwa mimi," akasema, "mtu kaa nyuma."

Akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akaandika juu ya meza: hablo, hablas, habla. Nasema, unasema, anasema. Shina halibadiliki, mwanangu. Mkia ndio unaokuambia ni nani anayesema. Tukisema sisi ni hablamos, wakisema wao ni hablan. Na ukishaujua mkia wa neno moja, umejua ya maneno mengi. Trabajo, nafanya kazi. Regreso, narudi. Espero, nangoja. Hilo la mwisho alinieleza kwa shida, kwa mikono na macho, kwamba kwao kungoja na kutumaini ni neno moja. Maneno ya kula na ya kuishi yana mikia yake mingine, comemos, vivimos, na hayo niliyachanganya mpaka akawa anafuta machozi ya kicheko.

Basi ikawa desturi yetu. Saa nne Mzee Chumo, mpishi wa nyumba ile, alituletea chai, nasi tukanywa huku tukikariri. Hatukujua maneno ya jana wala ya kesho. Tulikuwa na ya sasa tu, yakatutosha. Niligundua kwamba neno alilolipenda kuliko yote ni hablamos. Alilirudia bila sababu, akitazama ukungu nje. Nilikuwa mdogo, sikujiuliza kwa nini.

Mwezi wa nne binamu yangu alinipatia kazi Nakuru, dukani kwa Mhindi mmoja, kushona sare za shule. Mjini! Nilikuwa nimechoka na baridi na matope. Kazi ilikuwa ianze Jumatatu, na Jumamosi nikakunja nguo zangu nikiwa sijamwambia Rosario. Niliona haya. Akanifuata mpaka mlangoni.

"¿Regresas el lunes?" akauliza. Unarudi Jumatatu?

"Regreso el lunes," nikajibu.

Akapiga makofi kama mtoto, kwa kuwa nilikuwa nimeusema mkia sawasawa bila kusaidiwa. Nikashuka kilima nikijua sirudi. Wala sikuona kama nimedanganya. Lugha ya watu ni nyepesi mdomoni, mwanangu. Neno lile halikunikwaruza koo kama ambavyo lingenikwaruza kwa lugha ya mama yangu.

Nakuru nilipata nilichostahili. Mhindi na wanawe waliongea Kihindi kutwa nzima juu ya kichwa changu. Chumba changu kule mtaa wa Bondeni kilikuwa na majirani wengi, na hakuna aliyelijua jina langu. Waliniita "wewe wa cherehani". Zilipita siku tatu, nne, sijafungua mdomo ila kusema bei ya vifungo. Hapo ndipo nilipoanza kujikuta nasema peke yangu, hablo, hablas, habla. Nikifika kwenye hablamos, nanyamaza.

Wiki ya saba Mzee Chumo alikuja mjini kung'olewa jino. Akaniona barazani kwa Mhindi. Shavu lilikuwa limevimba, akaongea polepole.

"Kumbe uko mzima."

"Niko mzima, Mzee. Shikamoo."

Salamu yangu hakuipokea. "Jumatatu ile memsabu aliniambia nipike keki. Akakaa pale nje tangu asubuhi. Saa nane akaniuliza kama wewe ni mgonjwa. Ningesema nini? Nikasema ndiyo, anaumwa. Mimi na mvi zangu, umenifanya mwongo. Na sasa kila Jumatatu ananiuliza kama umepona. Halafu anarudia neno moja tu, espero, espero. Ni nini hiyo?"

Niliinamia cherehani, nikashona mkono wa shati juu ya kola.

"Kuondoka si vibaya," akasema. "Kila mtu anatafuta. Lakini ungemwambia. Mtu aliyeambiwa kwaheri analia, halafu anakula. Huyu hali."

Jumapili iliyofuata nilipanda lori la magunia mpaka Elburgon, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta nje, amekonda. Nikamweleza yote kwa Kiswahili, kazi, duka, uongo wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikasema, "Regreso."

"Hapana," akasema. "Wewe hapana sema hiyo tena. Asante kwa kuja." Akaingia ndani.

Nilirudi Jumapili ya pili, na ya tatu, nikakaa jikoni kwa Mzee Chumo. Hakutoka. Jumapili ya nne alipita kuchukua maji, nami kwa woga nikaropoka, nosotras hablo. Sisi nasema. Akasimama, kanipa mgongo.

"Hablamos," akasema.

Hakugeuka, lakini alivuta kiti.

Tulikaa hivyo Jumapili sita, si zaidi. Mumewe aliuza shamba, wakahama nchi, na hakuna barua niliyopata. Yale ya mwanzo hayakurudi kamwe. Kila nilipoaga alinitazama usoni kwanza, kama anayepima kitambaa. Nimezeeka sasa, na neno hablamos sijapata tena mtu wa kulisema naye.

Mwanangu, usimwachie mtu ahadi kwa sababu unaona haya kumwambia ukweli. Ukiondoka, sema naondoka. Ukijua huji, sema siji, kwa lugha yoyote aliyokufundisha yeye kwa upendo. Na kama umeshakosa, rudi hata usipopokewa, ukae jikoni ungoje.

Mungu akupe watu wanaofurahi ukibisha hodi, akupe na ujasiri wa kuwaaga vizuri. Popote uendapo, asikose mmoja wa kukuita kwa jina lako.