Sanduku la Wanamaji

Karani wa stoo yetu ya vitabu vya serikali hapa Eldoret hajawahi kuona bahari, lakini ndiye huchagua vitabu vya kusomwa na wanamaji melini. Kila riwaya huipapasa mgongo kwa kidole gumba, kisha huhakikisha ukurasa wa mwisho upo. Bosi, Mzee Lusweti, alitaka riwaya zifutwe, wanamaji wapelekewe vijitabu vya kilimo cha mahindi pekee. Wakakubaliana kujaribu sanduku moja, nusu kwa nusu. Jana meli ililirudisha. Vijitabu vya mahindi vilikuwemo vyote, safi kama vilivyotoka kiwandani. Riwaya haikurudi hata moja.

“Hawa watu wamekuibia, Mama.”

“Wameniibia vizuri sana, Mzee,” karani akajibu, akimsogezea fomu ya kuagiza riwaya mia mbili.

Mzee akatia sahihi.