Majani Chini

Ezéchiel alikuwa fundi wa fremu katikati ya Johannesburg, kwenye jengo kuukuu lenye kanisa ghorofani na wauza viatu mlangoni. Zamani alikuwa mcheshi wa kupindukia, mtu wa kumtania mteja mpaka asahau kuomba apunguziwe. Kisha wenye bunduki wakauteka mji wa kwao, mashariki ya Kongo, wakamuua mdogo wake Damien mlangoni pa nyumba ya wazazi. Tangu hapo alikufa ganzi. Alikula, alilala, alipiga misumari, basi.

Baada ya mazishi ikazagaa video. Jemadari mpya anaingia mjini kwa shangwe, watu wamejipanga barabarani na matawi mabichi. Mstari wa mbele kabisa yuko Victoire, dada yake, ndugu pekee aliyebaki. Ezéchiel akamwandikia: "Kaburi ya Damien haijakauka, na weye unapungia wauaji? Usiniite tena yaya, miye si kaka yako." Victoire hakujibu. Damu ni nzito kuliko maji, husema watu. Ya kwao iliganda kabisa.

Siku moja akaja Maryanne, Mkenya anayefundisha historia ya sanaa chuo kikuu, mwanamke wa maneno mengi ambaye hata mizani ya sokoni angeipa mhadhara. Alileta picha iliyochongwa kwenye bamba la shaba na kuchapwa karatasini, karne tatu na zaidi zilizopita. Mfalme anaingia katika mji alioupiga kwa mizinga.

"Sherehe kubwa, Madame," Ezéchiel alisema, kwa adabu tu.

"Ndivyo mfalme alivyotaka ionekane, fundi. Hapa hakuna kitu kimewekwa bure. Unamwona huyu mama aliyepiga magoti, mwenye taji la minara? Ndiye mji wenyewe, anakabidhi funguo. Simba mwenye mnyororo ni wale waliokataa. Na hili lango la ushindi si jiwe, ni mbao na turubai zilizopakwa rangi. Mvua moja tu, kwisha."

"Lakini watu wanafurahi."

"Tazama nyuma yao."

Nyuma ya umati palikuwa na safu ya mikuki.

Maryanne akasogeza kidole pembeni, kwa kitoto chenye mabawa. "Huyu ndiye aliyeninunulisha picha. Wenzake wote wameinua mienge, yeye ameugeuza wake kichwa chini. Hiyo ni alama ya msiba. Mchongaji alikuwa mwenyeji wa mji huo. Nafikiri hakuwa na pahali pengine pa kulilia."

"Sawa, Madame," alisema Ezéchiel, akapima kioo.

Maryanne alipoondoka, akaanza kukata mbao. Msumeno ukasimama katikati. Kwao tawi la mgeni hupungwa juu; tawi la msiba hushikwa majani yakitazama chini. Walipomsindikiza babu makaburini, Victoire mdogo alilipunga lake juu kwa furaha ya kitoto, na mama akamchapa mkono. "Majani chini! Tunalia, hatukaribishe mutu."

Akafungua video. Alikuwa ameitazama mara nyingi mno, kila mara kwa hasira, na hasira ni kipofu mwenye fimbo. Nyuma ya watu aliona mabuti ya askari. Mikono yote ilikuwa juu, isipokuwa mmoja. Victoire alikuwa amesimama wima, uso mkavu, tawi lake limeinama, majani yanagusa vumbi.

Akapiga simu. Iliita mpaka akakata tamaa, kisha ikapokelewa. Hakuna aliyesalimia.

"Vico," alisema. "Nimeona tawi."

Nje madereva wa teksi walipiga honi, ghorofani kwaya ikajaribu wimbo uleule tena.

"Walitutosha mu manyumba na bunduki, wakatupanga barabarani," Victoire alisema hatimaye. "Wengine walijificha nyuma. Miye nilisimama mbele, yaya. Ili weye uone."

Ezéchiel alifungua mdomo amwombe radhi. Hakikutoka kitu. Alitaka kulia, machozi nayo yakamgomea. Alibaki ameshika simu sikioni, akimsikiliza dada yake akilia kwa niaba ya wote wawili.