Tairi za Pikapu ya Vifaranga

Siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijapewa ovaroli, niliambiwa kwamba tairi kubwa hufupisha barabara. Aliyeniambia ni Msimamizi wa karakana ya tairi pale Thika, mtu mwenye sauti ya kuweza kujaza tairi upepo bila pampu. Alinisimamisha mbele ya pikapu moja iliyoinuliwa, ndefu hivi kwamba ndege walikuwa wanaikwepa, akasema, "Kijana, hii ikitoka hapa kwenda Ruiru, mita yake inaonyesha kilomita chache kuliko gari lingine lolote. Tairi kubwa inameza barabara!"

Mimi si mtu wa kudanganywa ovyo. Siku iliyofuata tulienda Ruiru, yeye na hiyo pikapu, mimi na fundi mwingine nyuma yao kwa gari dogo la karakana. Tulipofika nikakimbia kulinganisha mita. Kweli, ya pikapu ilikuwa imehesabu kilomita chache kuliko yetu! Sasa mimi ni nani nibishane na mita? Nikaamini kabisa, vile ninavyoamini kwamba Jumapili huja baada ya Jumamosi.

Ninyi vijana mnaocheka, ngojeni kwanza.

Siku hizo kazi ya tairi ilikuwa ya mabega. Leo mashine inavua tairi huku fundi anaongea na mpenzi wake kwa simu. Sisi tulivua kwa vyuma viwili virefu na nyundo ya mpira, tukipaka maji ya sabuni kwenye mdomo wa tairi, yaani ule ukingo unaoshika rimu, ili uteleze. Mikono yangu ilikuwa migumu hata nikipiga makofi kanisani mchungaji alidhani mtu amefunga mlango kwa hasira.

Lakini mabega hayasomi namba, na tairi imeandikwa namba tele. Hapo ndipo nikajiandikisha masomo ya jioni. Wenzangu walinicheka, ati Gitau anataka kufunga tairi akiwa na tai shingoni. Mimi nilienda hata mvua ikinyesha, na asilimia ndiyo iliyonifungua macho. Chukueni tairi iliyoandikwa 265/75R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ile ya katikati ndiyo imewapoteza wengi: si milimita, ni asilimia. Inasema ukuta wa tairi, kutoka rimu hadi barabarani, una kimo cha asilimia sabini na tano ya upana wake. Kwa hivyo ukiongeza upana peke yake, tairi inakua pia kwenda juu. Siku niliyoelewa hivyo nilitembea kutoka darasani mpaka nyumbani nikisoma tairi za magari yote yaliyoegeshwa. Askari mmoja aliniuliza kama natafuta la kuiba.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa tawi letu la Ruiru, chini ya Meneja wa Tawi. Alikuwa mtu mzuri, nadhifu, na aliyependa pikapu zilizoinuliwa kupita kiasi. Kwake hakuna shida ambayo tairi kubwa zaidi haiwezi kutatua. Nadhani hata ukiumwa na jino angekupendekezea tairi kubwa.

Kwake ndiko alikokuja Nyambura, tuliyemwita Mama Shiko kwa jina la mwanawe. Huyu mama alianza kwa kuuza mayai ya kuchemsha mtaani Kiandutu, akauza nafikiri mayai yote ya kaunti hii, hadi akanunua pikapu. Sasa alikuwa akichukua vifaranga wa siku moja kutoka kwa kampuni moja ya kuangua hapo Ruiru, pamoja na magunia ya chakula, akiwapelekea wafugaji wa juu, upande wa Gatanga. Pikapu alikuwa ameinunua Juja ikiwa tayari imeinuliwa inchi mbili, imevaa 285/75R16, zile mafundi huita thelathini na tatu kwa sababu zina karibu inchi hizo kutoka chini hadi juu.

"Fundi, hii gari inanimaliza," aliniambia. "Nikikata kona na mzigo, tairi ya mbele inasugua mudgadi, hii bati ya juu yake. Kwa mlima inalia, hata gia ya pili haitaki. Wiki iliyopita ilikwama kwa tope, nikangojea trakta. Vifaranga walishikwa na baridi."

"Walikufa?"

"Wengi. Kampuni imesema Jumanne ni mzigo wa mwisho wa kunijaribu. Wakifika wamechoka tena, kazi inapewa mwingine. Na Mzee, hiyo kazi ndiyo inasomesha Shiko."

Meneja akatoka ofisini, akaizunguka pikapu akitabasamu kama aliyekutana na mchumba. "Dawa ni kuinua zaidi," akasema. "Inchi mbili tena, na hizo tairi zitapata nafasi ya kucheza mpira."

"Bosi, hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Kuinua hakuongezi nafasi ambapo yeye anaihitaji. Gari likiwa tupu, ndiyo, utaona nafasi. Likiingia shimoni na mzigo, springi zinajikunja na tairi inapanda kukutana na bodi pale pale pa zamani. Na ukiinua zaidi, zile kreti za vifaranga zitakuwa zinayumba kama walevi."

"Sasa wewe unataka nini?"

"Tairi ipungue."

Meneja akashika kifua. "Gitau! Pikapu iliyoinuliwa ikivaa tairi ndogo inafanana na mzee aliyevaa kaptura!"

"Heri kaptura inayofika Gatanga."

Mama Shiko akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwa Meneja, kwa sababu neno la mwisho lilikuwa la bosi. Nami nikajua maneno hayatoshi. Nikaomba nionyeshe kwa njia niliyofundishwa Thika, kwa maana yule Msimamizi alijua kazi, hata kama mambo mengine alikuwa akiyaongezea chumvi kama mimi.

Njia yenyewe ni hii. Tairi haipimwi gari likiwa tupu. Tulipakia magunia ya chakula nyuma, tukapandisha gurudumu moja la mbele juu ya magogo ya mbao ili springi ya upande huo ijikunje. Halafu nikaita watu wakae kwenye bampa ya mbele. Fundi mwenzangu Wafula, aliyetoka Magharibi na mwenye mwili wa watu watatu, alikaa peke yake akajaza upande mzima. Mama aliyetuuzia uji akaletwa na sufuria yake.

"Wafula, usinisukume, nitamwaga uji!"

"Mathe, kaa tu. Ukianguka nitakudaka."

"Na wewe ukianguka nani atakudaka? Trakta?"

Nikapaka chaki ndani ya mudgadi, nikaingia kwenye usukani na kuukata hadi mwisho, kushoto, kisha kulia. Niliposhuka, chaki ilikuwa imefutwa upande wa nyuma wa gurudumu, safi kama sahani ya mtoto mwenye njaa. Meneja akainama, akagusa kwa kidole, akaniashiria nivue.

Tukavua, tukafunga 265/75R16. Hii ina chini kidogo ya inchi thelathini na mbili, na ni nyembamba kwa sentimita mbili. Bado ni kubwa kuliko ya kiwandani, kwa hivyo tope haliishindi, lakini injini haibebi uzito wa bure, na gia zinapata nguvu kwa mlima. Nikahakikisha pia uwezo wake wa kubeba, ule unaoandikwa baada ya namba hizo, kwa sababu tairi inaweza kuenea vizuri na bado ishindwe na magunia. Wafula na mama wa uji wakarudi bampa. Nikapaka chaki tena, nikakata usukani tena. Chaki yote ilikuwepo.

"Mzee Gitau," Meneja akasema polepole, "Jumanne ikiharibika, utamweleza Mama Shiko wewe mwenyewe."

"Nitamweleza."

Nilisema kwa kifua, lakini usingizi haukunipenda wiki hiyo. Na kulikuwa na jambo moja sikumwambia mtu: nilijua kwa kumpunguzia tairi nimemrefushia barabara. Nikajituliza kwamba heri barabara ndefu ya kufika kuliko fupi ya kukwama.

Nimestaafu sasa. Nimerudi Thika, nina kuku wachache na magoti yanayotabiri mvua. Vijana bado hunipigia simu na kuniita guka, yaani babu: "Guka, nimeinua pikapu, niweke tairi ya ngapi?" Huwa siwajibu namba. Nawauliza wanabeba nini na wanapita wapi, kisha nawaambia wapakie mzigo, wakunje springi, wapake chaki. Wengine hukasirika, walitaka ya kupigia picha. Hao nawaombea.

Lakini turudi Jumanne ile. Jua likiwa bado juu, pikapu iliingia karakana na kreti tupu. Mama Shiko aliruka chini, akamkumbatia Wafula, akamkumbatia Meneja, akafika kwangu.

"Mzee, wamefika wote wakilia kama kwaya! Mlima umepandwa na gia ya pili. Kampuni imenipa kazi ya njia yote ya Gatanga!"

Nilifurahi hadi nikasahau magoti, ambayo tayari yalikuwa yameanza kuniuma. Lakini dhamiri ikanichoma, nikamvuta kando.

"Mita imesoma kilomita nyingi kuliko safari zako za zamani, sivyo?"

"Eee, zimeongezeka kidogo. Kwani?"

"Nisamehe, Mama Shiko. Zile kubwa zilikuwa zinakufupishia barabara."

Aliipiga ile tairi kwa kiganja, akacheka.

"Mzee, barabara ni ile ile. Mita inahesabu tu mara ambazo gurudumu linazunguka, na kubwa linazunguka mara chache; haijui mtu amebadilisha tairi."