Bahari ya Theodora na Jiko la Mkaa

Saa moja asubuhi, Tabora mjini. Abiria walioshuka kwenye treni wanaagiza chai na chapati, lakini Theodora Ngollo hana habari nao. Amepiga magoti mbele ya tangi kubwa la kioo, anadondosha dawa ya kupimia kwenye kichupa cha maji ya chumvi. Tone, tone, tone. Bluu inageuka njano. Anashusha pumzi.

"Leo yametulia," anasema, uso wote ukicheka.

Kutoka hapa hadi baharini, wee acha tu! Lakini katika mgahawa huu jirani na stesheni, mfanyabiashara Huzefa anafuga matumbawe hai na samaki wa rangi. Theodora, mzaliwa wa Igalula, aliajiriwa kufagia. Tangi likamnasa, na sasa ndiye mlezi wake, kwa mshahara wa shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi.

Ni kazi ya kubembeleza. Matumbawe yanapokua hutumia alkali iliyomo majini, naye huirudisha kidogo kidogo kwa maji ya magadi soda. Ikipungua, maji huelekea kuchachuka, yaani kipimo chake cha uchachu, pH, hushuka. Ikizidi, matumbawe huungua ncha.

Masika iliyopita pH ilianza kushuka. Theodora akaongeza magadi. Ikashuka tena, akaongeza tena.

"Nilifanya kama mtu anayepika maharage magumu," anasema, akijicheka. "Hayaivi? Tia magadi!"

Matumbawe yakajikunja, ncha zikapauka. Huzefa akatazama, akatikisa kichwa. "Theodora, haya yakifa naweka friji ya soda hapa. Na wewe utarudi kwenye ufagio."

"Nililia," anasema Theodora. "Ufagio siuogopi. Ila vile viumbe nilivilea mwenyewe, halafu nikaona vinanifia mikononi."

Kumbe siku zote hizo alikuwa akipima pH tu. Alipopima alkali pia, akaikuta iko juu mno. Sasa alkali imejaa, maji yanachachushwa na nini? Akaanza kukagua kila kinachoingia tangini, mpaka akafika kwenye mpira wa pampu ya hewa uliotokeza dirisha la nyuma. Chini ya dirisha alikuwapo Consolatha, mpishi, ambaye banda lake la kupikia lilikuwa limeezuliwa na upepo wa mvua. Anapepea jiko la mkaa, na pampu inanyonya hewa ya jiko hilo hadi majini. Hewa ya ukaa kutoka kwenye mkaa ndiyo iliyokuwa ikiyachachusha maji.

"Dada Conso, unaniulia watoto!"

"Mimi? Mimi nakupikia wali wako wa mchana!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Theodora akahamishia mpira dirisha la mbele, akaacha magadi, akabadilisha maji kwa awamu. Jioni pH ilianza kupanda. Siku chache baadaye tumbawe la kwanza likachanua. "Nilipiga kelele, tajiri akaja mbio akidhani pameungua moto!"

Friji ilishaagizwa, ikaja. Imewekwa jikoni. Huzefa amemruhusu Theodora akate vipande vya matumbawe avipandikize kwenye tangi la pili, naye anataka likamilike kabla mama yake hajaja kutoka Igalula. Mama huyo hajawahi kuiona bahari.

Consolatha anachungulia kutoka uani, kiberiti mkononi, na utani wake wa kila asubuhi: "Theodora! Bahari yako imeshavuta pumzi, niwashe jiko la wali?"

"Washa, dada," anajibu. "Washa tu."