Nthambi na Askari wa Damu Yake

Nthambi hushona sare za shule sokoni Ekalakala. Alikuwa na miaka thelathini na minane alipojitolea kutoa damu kanisani. Wiki tatu baadaye akaitwa hospitalini, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini ya B.

Alilia siku hiyo moja tu. Kesho yake alimchukua mumewe Musau na watoto wao wawili wakapimwe. Hawakuwa na virusi hivyo. Musau alichanjwa, watoto walikuwa wamechanjwa tangu uchangani.

Mama mkwe wake, Kamanthe, alimtengea kikombe na sahani. Nthambi hakugombana naye.

"Mwaitu, kesho twende kliniki pamoja," alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mimi niende kufanya nini?"

"Kuuliza yote unayoogopa."

Kamanthe aliuliza nusu saa nzima. Muuguzi akamweleza kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa chakula wala vyombo. Hupitia damu, kujamiiana, au kutoka kwa mama hadi mtoto anapozaliwa. Jioni hiyo mama mkwe na mkaza mwana walikula sahani moja.

Baada ya miezi sita virusi vilikuwa bado vipo. Ugonjwa ulikuwa sugu, lakini ini lake lilikuwa salama, wala hakuhitaji dawa bado. Ndipo daktari mtafiti aitwaye Linet alipomwomba ajiunge na utafiti.

"Mnataka damu yangu ya nini?" Nthambi aliuliza.

"Chembe zako nyeupe za damu ndizo askari wa mwili," Linet alisema. "Ndani yake kuna maagizo, tunayaita jeni. Si yote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Virusi vikikaa miaka mingi, askari wengine huchoka. Tunapima ni maagizo gani yameamka na yapi yamelala."

"Kwa hivyo hamwangalii adui pekee. Mnaangalia pia askari wangu wanafanya nini."

"Hapo umesema kweli."

"Na mimi nitapata nini?"

Linet hakumdanganya. "Kwa sasa, pengine hakuna. Majibu yanaweza kusaidia wengine siku za usoni."

Nthambi alikubali. "Niko na sharti moja. Mkimaliza, mje mtueleze kwa maneno tunayoelewa, si kwa karatasi."

Walikuja mwaka uliofuata. Linet alisimama mbele ya watu ishirini na sita waliotoa damu, na kila alipotumia neno gumu Nthambi aliinua mkono. "Rudia hapo, daktari." Hakuna aliyecheka, wengi walikuwa wanangoja mtu aulize.

Siku hizi, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Nthambi hufunga kibanda asubuhi na kwenda kliniki ya wajawazito. Wakunga wamemzoea. Huwaambia wanawake jina lake, ugonjwa wake na umri wa watoto wake ambao hawana virusi, kisha anawapeleka mwenyewe hadi mlango wa maabara wakapimwe.