Mchunga na Debe la Maji

Siku ile naiona mpaka leo, mwanangu. Baba mkubwa wa mume wangu alisimama mlangoni mwa banda letu hapa Uru, akatazama kibuyu nilichotoka kukamulia, hakijafika hata nusu. Akasema kiangazi kikiisha hali ikiwa ile ile, atamhamishia ng'ombe wake kwa mtu mwingine. Sisi tuliwekewa tu, na desturi unaijua: ndama ni wa mwenye ng'ombe, maziwa na samadi ni vya anayelisha. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, mume wangu anahangaika na biashara huko Holili, na watoto wangu walitegemea maziwa yale. Nikaapa kwamba ng'ombe huyu haondoki.

Nilikuwa mbishi, tena dawa ya kuongeza maziwa niliijua. Mchunga, yale majani machungu ya kando ya shamba, bibi zetu waliwapa ng'ombe waliozaa. Nikayakatakata pamoja na majani ya mgomba, nikanyunyizia magadi. Maziwa hayakuongezeka. Nikazidisha mchunga. Mama mkwe akavumilia, akavumilia, mwishowe akaingia bandani na kumshika ng'ombe pua. Ilikuwa kavu.

“Mke wa mwanangu, huyu alikunywa maji akashiba lini?”

Mfereji ulikuwa umekauka, nami nilimpa maji niliyooshea ndizi, basi.

“Mchunga humsaidia ng'ombe aliyekunywa na kula. Chukua debe.”

Nikachukua. Nilishuka na kupanda bonde la mto kuteka maji mpaka shingo ikakakamaa, majani mabichi nikayafuata tambarare, na mchunga sikuuacha. Nililia njiani, sikufichi, lakini nilikwenda. Taratibu maziwa yakaanza kurudi.

Kiangazi kilipoisha, baba mkubwa alikuja na kamba. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba anisubiri nikamue kwanza. Alitazama mpaka povu likafika mdomoni mwa kibuyu, akaonja, akakunja kamba yake.

“Mtunze,” akasema. “Na ndama jike atakayezaliwa ni wako.”

Basi wewe unayeniuliza kila mara jina la dawa, sikia. Mchunga mpe, kwa kiasi. Lakini kwanza mnyweshe, mlishe, msafishie banda. Kiwele kikivimba, mwite bwana mifugo, usibahatishe. Ukichoka, pumzika kidogo, kisha beba debe tena. Mungu akulindie mgongo wako na zizi lako, na watoto wako wasilale hata siku moja bila maziwa.